Pweza jike aliyegoma kula

Umesema pweza jike unayemfuga kwenye tangi ana wiki mbili hagusi kaa unaomtupia, amejibanza ndani ya chungu na ukisogeza mkono anakupulizia maji. Kabla hujamwaga hela kwenye dawa, mulika tochi mle ndani. Ukiona vishada vyeupe, kama punje za mchele zilizoning'inizwa juu ya chungu, hayo ni mayai. Jike akishataga hali tena. Kazi yake ni kuyapangusa kwa minyiri na kuyapulizia maji safi mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Wengine hutaga hata bila dume, basi mayai hayatoi kitu ila yeye huyalinda vilevile. Hapo mwachie giza na utulivu tu, hajakasirika na wewe.

Kama hakuna mayai, pima maji. Na dawa yoyote ya samaki yenye shaba usiitie, inamuua hata kwa kiasi kidogo. (Ajabu, maana damu yake yenyewe ni ya buluu kwa sababu ya shaba!)

Halafu mfuniko wa tangi, bana kwa kitu kizito. Pweza hana mfupa. Mdomo wake mgumu ukipenya, mwili wote unafuata. Mwaka 2016 kule Napier, Nyuzilandi, pweza aitwaye Inky aliachiwa upenyo mdogo juu ya tangi. Usiku akatoka, akatambaa sakafuni, akaingia bomba la mita 50, huyo baharini.