Nilivyoacha Kusema "Kesho Asubuhi Utaipata"

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kuniuliza ninawezaje kuifanya kazi ya kutafsiri, ambayo haiishi tarehe za mwisho, na bado nikapata usingizi. Nakiri kuwa swali hilo lilinifurahisha kupita kiasi, kwa sababu miaka mitatu iliyopita hakuna anayenifahamu ambaye angeniuliza jambo kama hilo.

Wakati ule nilijivunia sifa moja tu, nayo ni kwamba sikuwahi kuchelewesha kazi. Mteja alipopiga simu jioni, nilimwambia "kesho asubuhi utaipata" hata kabla hajataja idadi ya kurasa. Nilikunywa kahawa saa tatu usiku, kisha nikashangaa kwa nini usingizi haunijii hata nikimaliza mapema, kumbe nusu ya kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, huweza kuwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Mwanangu alizoea kukaa kwenye kiti kilichokuwa nyuma yangu akisubiri nimsomee hadithi, na kila nilipogeuka nilimkuta amelala, kitabu kimemwangukia kifuani.

Kisha likaja kosa. Saa kumi alfajiri nilituma taarifa ya fedha ya kurasa 40 ambamo milioni 15 zilikuwa zimegeuka bilioni 15. Nilikuwa nimeupitia ukurasa ule mara nne, lakini macho yaliyochoka husoma kinachotarajiwa, si kilichoandikwa. Mteja huyo, niliyemhudumia miaka sita bila kuchelewa hata siku moja, aliniandikia mistari miwili na hakurudi tena. Bado inaniuma, hasa nikikumbuka kuwa hakuwa amedai kazi ile alfajiri. Tarehe niliipanga mwenyewe.

Kilichonisaidia ni daftari. Kwa miezi miwili niliandika kila kazi, saa nilizokadiria na saa zilizotumika kweli, nikagundua kuwa kazi niliyoiita ya saa sita ilinichukua tisa au kumi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: mpangaji huikodolea macho kazi iliyo mbele yake, akasahau kutazama zile zilizokwisha zilichukua muda gani. Kwa hiyo siku hizi simtajii mteja tarehe kabla sijalifungua daftari.

Nawe fanya hivyo, ndugu yangu, wala usijidanganye kuwa kukesha ni bidii. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Hakuna mteja atakayekuja kukuuguza. Andika saa zako, kadiria kwa kuzitazama hizo, kisha ongeza siku moja ya kulala kabla ya kutuma.

Wateja wawili walizikataa tarehe zangu mpya wakaenda kwingine. Waliobaki waliniomba tu niwatumie sehemu ya kwanza mapema, jambo ambalo miaka yote ile sikuwahi kuwauliza kama lingewatosha. Taarifa za fedha sizitumi tena usiku. Huzisoma asubuhi kwa sauti, tarakimu moja moja, kidole kikiwa juu ya nakala ya awali.