Mapazia ya chumba cha jua kali kwenye nyumba ya zamani, mi niliyajua haya baada ya kuharibu

Pazia langu la kwanza kwenye kile chumba lilikuwa la hariri, rangi ya damu ya mzee, na nilijiona nimemaliza kila kitu. Mwaka na nusu hivi ukapita, asubuhi moja nimelishika nifungue kama kawaida tu, sijavuta kwa nguvu wala nini, likachanika mkononi toka juu mpaka katikati kama gazeti lililoloa. Kuliangalia vizuri nikakuta kumbe limekuwa na mistari kama pundamilia, sehemu zilizokuwa zinatazama kioo zimepauka kabisa na zile zilizojificha ndani ya marinda bado zina rangi yake ile ile ya dukani. Pale palipopauka ndipo palipochanika.

Hiyo ndo ada niliyolipa. Kosa halikuwa la pazia, ni mimi nilianza na uzuri wakati chumba kile kilikuwa na mambo mawili ya kuangaliwa kwanza, jua lake na ukuta wake. Hivyo viwili ndo vinachagua, wewe mwenyewe unabakiwa na rangi tu, na hata hiyo rangi sio yote.

Tuanze na jua. Chumba chenyewe kina madirisha matatu makubwa yanayotazama magharibi, fremu za mbao, na vioo vile vya kizamani ukitazama nje miti inakuwa kama inacheza majini (watu watakwambia kioo kinamwagika chini taratibu kadiri miaka inavyoenda, sio kweli, vilitengenezwa hivyo hivyo toka mwanzo, vilikuwa vinapulizwa halafu vinanyooshwa). Mi nilikuwa nahangaika na jua la saa sita mchana kwa sababu ndo jua linalojulikana kwa ukali. Siku niliyoamua kupima kweli nikachukua selotepu ya karatasi, kila baada ya saa moja naweka alama sakafuni pale mwanga ulipofika, na nikafanya hivyo siku nne tano. Jua la saa sita halikuingia hata kidogo! Paa limetokeza mbele linalizuia lote. Adui yangu alikuwa jua la saa kumi na saa kumi na moja jioni, lile linalokuja limeinama, linapita chini ya paa bila shida na kuvuka chumba kizima mpaka ukuta wa pili. Kama chumba chako kinatazama mashariki basi kwako ni hivyo hivyo ila asubuhi. Jua la utosini unalizuia na kitu kilichotokeza juu ya dirisha, ila hili lililoinama linataka kitu kinachosimama mbele ya kioo. Bila kujua una lipi utanunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Sasa joto. Watu wengi tunachanganya mwanga na joto, tunadhani ukishaweka giza umeweka na ubaridi. Mi pazia langu zito la rangi iliyokolea lilifanya chumba kiwe giza na bado ndani ni tanuri, ukiligusa saa kumi na moja limechemka kama pasi. Ni kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia ndani, likikutana na kitambaa cheusi linageuka joto na hilo joto linabaki na wewe chumbani. Unachotaka ni kitambaa kinacholirudisha jua lilikotoka kabla halijageuka, yaani upande wa kioo uwe mweupe. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema mapazia ya rangi ya wastani yenye mgongo wa plastiki nyeupe yanaweza kupunguza joto linaloingia kwa asilimia 33. Kwa hiyo ukipenda damu ya mzee endelea nayo, hiyo iangalie ndani, nyuma mwambie fundi cherehani akuwekee bitana nyeupe. Halafu bitana ni rahisi kuibadilisha, ikichoka unaifumua unaweka nyingine na pazia lenyewe linabaki zima.

Ila ukitaka kupambana na joto kweli kweli, kinga iwe nje ya kioo. Wizara hiyo hiyo inataja kivuli cha turubai kilichofungwa nje juu ya dirisha la magharibi kwamba wakati wa kiangazi kinaweza kupunguza joto la jua kwa mpaka asilimia 77, linganisha na ile 33 ya juu. Na hapa nyumba za zamani zinatushinda akili, kwa sababu nyingi zilijengwa na shata za mbao za nje zenye vibao vya kupitisha hewa, halafu mtu mmoja katikati ya miaka akaona zinaziba mwonekano akazing'oa. Kwangu nilikuta bawaba zake bado zipo kwenye fremu zimezikwa chini ya rangi tabaka kwa tabaka. Nilikaa na hiyo nyumba miaka miwili bila kujua zile bonge bonge za rangi ni nini! Kama za kwako bado zipo tafadhali usizitoe, hata kama zimeoza kibao kimoja viwili, seremala atabadilisha hivyo tu. Mi nilitengenezesha jozi moja kwa lile dirisha baya zaidi na bawaba za zamani zilikubali kufanya kazi baada ya kukwanguliwa.

Kuhusu tinti ya kubandika kwenye kioo, niliwaza sana. Fundi vioo ndo alinizuia, akanionyesha kingo za vioo vyangu zilivyo na vimeguko vidogo vidogo, akaniambia dada hii tinti nyeusi itafanya kioo kinywe joto, katikati kitachemka na pembeni iliyofichwa na fremu itabaki ya baridi, na kioo cha hivi chenye kovu kinapasuka hapo hapo. Kwenye kioo kipya kizima ni habari nyingine. Mi nikaacha.

Turudi kwenye kitambaa. Kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya ile miale inayounguza ngozi haraka, ila miale mingine ya urujuanimno inapita, na hata mwanga wa kawaida tu unaoonekana nao unapausha rangi, kwa hiyo usidhani ukiwa nyuma ya kioo umekingwa. Hariri ni ya mwisho kabisa kwenye orodha, jua linaila nyuzi zenyewe sio rangi tu. Pamba na kitani zinapauka na kuchoka taratibu lakini zikiwa na bitana zinakaa. Polista, ambayo mi nilikuwa naidharau nasema ni kitambaa cha maofisini, ndo inayovumilia jua kuliko zote hizo nilizotaja. Siku hizi wanaifuma inafanana na kitani mpaka lazima uishike ndo ujue.

Usiamini neno la muuzaji wala langu, omba vipande vidogo vya vitambaa unavyovipenda, vibandike kwenye kioo chako, nusu ya kila kipande ifunike na karatasi ngumu, acha mwezi. Ukifunua utaona mwenyewe nani kapauka nani kabaki. Mi nilibandika vitano, kimoja cha bluu ambacho nilikuwa nimeshakiamua kabisa moyoni kilitoka na nusu mbili kama vitambaa viwili tofauti. Na kama ni pamba, ifue kabla ya kushona jamani, isije ikarudi nyuma ukabaki na pazia linaloning'inia juu ya kizingiti kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

Haya, vipimo. Hapa ndo nyumba ya zamani inakuonyesha rangi yake. Dirisha la zamani sio mraba, hata liwe linaonekana mraba vipi. Pima upana juu, katikati na chini, pima urefu kushoto, katikati na kulia, halafu pima kona kwa kona njia zote mbili, zile kona zikitofautiana ujue fremu imelala. La kwangu moja lilikuwa sentimita 118 juu na 116.5 chini. Kama unaweka blaindi ya kuviringisha ndani ya fremu unachukua upana mdogo kuliko yote, la sivyo haitashuka, itakwama katikati. Ila ukichukua mdogo unabaki na upenyo pembeni unaopanuka kadiri unavyoenda, na jua la saa kumi na moja linapenyeza hapo mstari mmoja mkali moja kwa moja kwenye jicho la aliyekaa kwenye kochi, yaani kama tochi. Ndo maana kwa fremu iliyopinda mi nashauri kitu kifungwe nje ya fremu na kipite kama sentimita 10 kila upande, upindaji wote unafichika na mwanga hauna pa kupita. Mapazia ya kitambaa nayo usikate kwa upana wa dirisha, chukua mara mbili mpaka mbili na nusu ili marinda yakae.

Na pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuangalia kama kitu kimelala sawa, ni rafiki lakini sio bosi. Fundi alifunga bomba la pazia sawa sawa kabisa kwa pima maji, tukarudi nyuma kuangalia, likaonekana limepinda vibaya mno, kwa sababu dari ndo iliyoinama na macho yanafuata dari. Tukalifungua tukaligawanya kati ya ukweli wa pima maji na uongo wa dari, sasa hivi hakuna anayeona. Upindo wa chini usishonwe siku ya kwanza, ning'iniza pazia siku tatu nne lijinyooshe kwa uzito wake, halafu pima kutoka sakafuni kila upande kivyake maana na sakafu nayo ina mambo yake.

Ukuta sasa. Usiku mmoja tukasikia kishindo tukadhani mwizi, kumbe bomba na mapazia yote yako chini na ukutani kumebaki shimo la kuingiza ngumi. Plasta ya zamani mara nyingi imeshaachana na ukuta, inasimama kwa mazoea tu. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kutoboa, pakilia kama debe tupu hama. Tafuta linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, au tumia skrubu ndefu zinazovuka plasta zikashike tofali lenyewe. Kilichonisaidia mimi ni ubao mmoja mrefu juu ya dirisha zima, umefungwa sehemu sita kwenye ukuta mzima, umepakwa rangi ya ukuta, halafu vishikio vya bomba vinafungwa kwenye ubao. Mzigo unagawanyika na siku nikitaka kubadilisha sitoboi tena ukuta. Ukitaka kufunga kwenye fremu ya mbao ichome kwanza na bisibisi, ikizama kama kwenye keki hiyo imeoza. Na ile rangi ya zamani usiikwangue kavu kavu hovyo, rangi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mi zile bawaba nililoweshea maji kwanza na watoto nikawatoa nje ya chumba siku nzima.

Kwa habari hiyo hiyo ya risasi, kama umerithi blaindi za plastiki za zamani toka kwa waliokaa kabla yako, zile za vibao vyembamba, zitupe. Mwaka 1996 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu blaindi za aina hiyo zilizoagizwa nje, plastiki yake ilikuwa na risasi na jua likiipiga inavunjika vunjika na kuacha vumbi lenye risasi juu ya vibao. Nilikuta zimehifadhiwa stoo kwa heshima zote na nilitaka kuzirudisha nipunguze gharama. Na blaindi yoyote yenye kamba ndefu zinazoning'inia kwenye nyumba yenye mtoto mdogo hapana, zimeshanyonga watoto, tafuta isiyo na kamba.

Kitu kidogo cha mwisho, pazia zito lisigandamane na kioo usiku wa baridi, unyevu unabaki katikati, kuvu inaanza na fremu inaoza kimya kimya. Acha nafasi na asubuhi fungua hewa ipite.

Kwa sasa dirisha la kwanza lina shata za nje, la pili lina polista yenye bitana nyeupe na pazia jepesi la neti nyuma yake kwa ajili ya mchana. La tatu lina shuka limebanwa na vibanio vya nguo toka mwezi wa tatu, seremala kila nikimpigia anasema wiki ijayo mama, mbao zinakauka.