Barua kwa Mwanangu: Mwizi Ajulikane Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma mara mbili: je, mwandishi wa hadithi fupi ya upelelezi humjua mwizi kabla ya kuanza kuandika, au humgundua njiani pamoja na msomaji? Unasema hadithi yako imekwama ukurasa wa nne kwa sababu hata wewe hujui ni nani aliyechukua sanduku la bibi harusi.

Nitakujibu kwa mfano wa hadithi niliyoipenda tangu nilipokuwa kijana nikipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji: ile ya Mmarekani Edgar Allan Poe kuhusu mauaji ya Rue Morgue, Paris, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa hadithi za upelelezi tunazozijua leo. Kama hujaisoma niwie radhi, kwa maana itanibidi nimtaje muuaji.

Mbegu yake ilikaa ardhini muda mrefu. Mwaka 1836 Poe aliandika makala juu ya mashine iliyodaiwa kucheza sataranji yenyewe, akaonyesha hatua kwa hatua kwamba lazima kuna mtu aliyefichwa ndani yake. Ukiisoma utahisi kwamba Dupin, mpelelezi wake, amekwisha kuzaliwa na anangoja jina tu. Mwaka 1839 orangutani, nyani mkubwa asiye na mkia, alionyeshwa kwa umma mjini Philadelphia, alikokuwa akiishi Poe, na muuaji katika hadithi yake akawa orangutani aliyemtoroka baharia.

Sasa tazama faida ya kumjua muuaji mapema. Majirani wanapanda ngazi wakisikia sauti mbili ndani ya chumba kilichofungwa. Ile nzito wote wanakubaliana kuwa ni ya Mfaransa, lakini ile nyembamba inawatatanisha. Mwingereza anadai ni Kijerumani, Mhispania anadai ni Kiingereza, Mwitalia anadai ni Kirusi, na kila mmoja anaitaja lugha asiyoielewa yeye mwenyewe. Hakuna aliyesikia neno hata moja, kwa kuwa halikuwapo neno la kusikia. Jibu limewekwa mezani mbele ya msomaji, naye analipita huku akidhani anasoma maelezo ya kawaida ya mashahidi, jambo ambalo mwandishi asiyejua sauti ile ni ya nani asingeweza kulitenda hata kwa bahati. Poe mwenyewe hakujivuna kwa hilo. Mwaka 1846 alimwandikia rafiki yake kwamba wasomaji wanazidisha sifa, maana kuna werevu gani katika kufumbua fumbo ulilolifumba mwenyewe kwa makusudi ya kulifumbua?

Hata hivyo, kuujua mwisho hakukumwondolea kazi ya kusahihisha. Katika mswada wake mtaa uliitwa kwanza Trianon. Akalikata jina hilo, akaandika Morgue, ambalo kwa Kifaransa ni mahali pa kuhifadhia maiti. Kwa maoni yangu neno hilo moja lina thamani ya ukurasa mzima, kwani linamtia msomaji baridi kabla hajaona damu.

Kuhusu kuchapishwa, Poe alikuwa na bahati ambayo wewe huna: hadithi ilitoka Aprili 1841 katika jarida la Graham's Magazine, ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake kwa mshahara wa dola 800 kwa mwaka, na juu ya mshahara huo akalipwa dola 56. Wewe utamngoja mhariri usiyemjua, pengine miezi kadhaa.

Kurasa alizoandika kwa mkono wake, baada ya herufi kupangwa, zilitupwa kwenye kapu la taka la kiwanda. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi hapo aliziokota akazitunza, na leo zimo katika maktaba ya umma ya Philadelphia. Mimi nilitupa kurasa nyingi za namna hiyo nilipokuwa na umri wake, wala sikumbuki zilikuwa za nani.

Kwa hiyo amua leo ni nani aliyelichukua sanduku, na kwa nini, kisha uanze upya kutoka ukurasa wa kwanza. Zile nne za zamani usizichane. Nitumie zilivyo, pamoja na makato yake.

Ni mimi baba yako.