Nilikata rufaa, benki ikanifungia pesa

Karatasi ya kwanza niliipuuza. Ilikuwa hati ya madai, inanipa siku 20 za kazi kulipa deni la mtu niliyemdhamini, nami nikajiambia deni si langu. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Uganda ya 2011, ukiinyamazia hati ile mahakama inaweza kuhesabu kwamba huwezi kulipa. Nikatangazwa mufilisi. (Ibara ya 80 ya Katiba inamzuia mufilisi kuwa mbunge. Hilo halikuniuma, sikuwa na mpango wa kugombea.)

Wakili akapeleka notisi ya rufaa ndani ya siku 14, kama kanuni zinavyotaka. Nikarudi zangu soko la Kisekka, Kampala, kuuza vipuri nikidhani mambo yamesimama. Wiki iliyofuata benki ikanikatalia pesa zangu mwenyewe.

Notisi ya rufaa inasema tu kwamba hukubaliani na uamuzi. Haimzuii mtu kuutekeleza. Amri ya ufilisi inapotoka, mali yako inakwenda kwanza mikononi mwa Mpokeaji Rasmi, ofisa wa serikali anayeshika mali ya mufilisi, na yeye hana sababu ya kusubiri rufaa yako isikilizwe. Kinachomsimamisha ni amri nyingine kabisa, ya kusimamisha utekelezaji, na hiyo lazima uiombe. Unaanzia Mahakama Kuu iliyokutangaza. Ikikataa, unakwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo uwezo wake uko kwenye Kanuni ya 6 ya kanuni zake, nayo haikusikilizi kama hujaweka notisi ya rufaa. Ombi likipangiwa tarehe ya mbali, omba amri ya muda, ya kuzuia utekelezaji mpaka ombi lenyewe lisikilizwe, ambayo jaji mmoja anaweza kuisikiliza. Muulize wakili pia kama rufaa yako inahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Mimi sikuuliza, nikapoteza usingizi bure.

Majaji wanatazama kama rufaa ina mashiko, kama umechelewa, kama utapata hasara kubwa, na dhamana unayoweka ili mdai asipoteze ukishindwa. Kwenye hasara ndipo kiapo changu cha kwanza, yaani maelezo ya maandishi unayoapia kuunga mkono ombi, kilipoanguka. Kiliandikwa "nitapata hasara kubwa" na kuishia hapo, kwa Kiingereza cha wakili ambacho nilitia saini bila kusomewa. Usifanye hivyo, hata kama foleni ni ndefu. Cha pili tulikaa nacho jioni nzima: kontena langu lililokwama Mombasa likilipiwa ghala kila siku, vijana watatu wanaonitegemea, na injini ambazo zikiuzwa kwa bei ya kutupa hazirudi hata nikishinda rufaa. Tulieleza kila kitu na risiti yake.

Dhamana nayo ilinitoa jasho. Nilitaka kuweka kiwanja changu. Wakili akacheka, akaniuliza, "Kiwanja chako kipi?" Kumbe mali yangu haikuwa tena mkononi mwangu kuiweka rehani. Dhamana ya mufilisi inatoka kwa mtu mwingine. Nikapanda basi hadi Busia kwa mjomba wangu.

"Mjomba, nimekuja na mguu mbaya."

"Mpwa wangu, hati nitakupa. Ila hiyo kazi ya kudhamini watu, basi."

Kwa hiyo mtafute mjomba wako kabla ya kumtafuta jaji.

Tulipata amri. Lakini injini mbili zilikuwa zimeshauzwa, na amri ya kusimamisha haifufui kilichokwisha. Jina langu pia halikusafishwa, maana hiyo ni kazi ya rufaa yenyewe. Na benki? Karani alinitazama akasema hajaona amri yoyote. Nilirudi mahakamani, nikachukua nakala tatu zenye muhuri, nikapanda boda: moja benki, moja kwa Mpokeaji Rasmi, moja kwa wakili wa mdai. Kila mahali niliomba wanipigie muhuri wa kupokea, na wa benki ulipigwa saa kumi kasorobo, dakika chache kabla hawajafunga.