Maswali yenu: Wanaolala chini ya daraja, taa zilizozima, na nani wa kuulizwa

SWALI: Tuna vibanda Ngara, Nairobi. Chini ya daraja wanalala watu, na familia zenye watoto wadogo zimo. Taa za barabarani hazijawaka tangu Machi, na ikifika saa mbili usiku wateja wananyang'anywa simu. Mwakilishi wadi kila tukimwona anaahidi tu. Tuwawajibishe vipi viongozi wa jiji? – Mfanyabiashara, Ngara

JIBU: Mna mambo matatu hapo: taa, wizi na makao. Mkiyafunga kwenye barua moja, kila ofisi itawaambia si kazi yake. Taa za barabarani, uzoaji taka na mipango ya makazi ni majukumu ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Uwanja wa chini ya daraja nao huenda ni hifadhi ya barabara ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za kitaifa) au KURA (mamlaka ya barabara za mijini), kwa hiyo ulizeni mapema ni wa nani, maana hapo ndipo watu huzungushwa miezi.

Anzeni na daftari. Kwa wiki mbili, kila jioni mtu mmoja apite akiandika tarehe, saa, namba iliyopakwa kwenye nguzo, na kama taa inawaka. Nguzo isiyo na namba iandikwe iko mkabala na duka gani. Taa moja ikizima katikati ya zinazowaka, aghalabu ni balbu. Mstari mzima ukizima, kuna nyaya zilizoibwa, swichi iliyoharibika au umeme uliokatwa, na hilo linahitaji bajeti, si fundi mwenye ngazi. Kwa upande wa wizi, kila aliyenyang'anywa aende kituoni na asitoke bila namba ya OB, yaani daftari la matukio la polisi. Mkikutana na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, namba kumi za OB zina uzito kuliko watu hamsini wanaolalamika.

Kisha ombeni nyaraka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, haikudai ueleze sababu, na kuwasilisha ombi ni bure. Utalipia kunakili tu. Peleka nakala mbili kwa Katibu wa Kaunti. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani, la sivyo hutakuwa na pa kuanzia kuhesabu siku. Wengi hukosea kwa kuuliza "Kwa nini mmetutelekeza?" Hilo ni lalamiko, na hujibiwa kwa ahadi. Andika hivi:

"Naomba nakala za: (1) mkataba wa matengenezo ya taa za barabara hii katika mwaka huu wa fedha, (2) hesabu ya fedha zilizotengwa na zilizotumika kwa vituo vya kuwahifadhi watu wa mitaani, kituo kwa kituo, (3) rekodi ya idadi ya vitanda katika kila kituo na vilivyo wazi."

Ofisi ina siku 21. Inaweza kujiongezea 14, mara moja tu, ikiwa habari ni nyingi. Ikinyamaza, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa kukataa, nanyi mna siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Hamhitaji wakili.

Mwakilishi wadi msimwombe taa. Kazi yake ni kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti, basi mwombeni awasilishe ombi rasmi katika Bunge la Kaunti. Ombi hilo lieleze mlikwisha kwenda ofisi gani na mkajibiwa nini, liseme kama shauri liko mahakamani, na limalizie kwa kutaja waziwazi mnachotaka bunge lifanye. Kila sahihi iwe na jina, anwani na namba ya kitambulisho. Msikusanye sahihi kwenye karatasi tupu za daftari. Kila ukurasa uwe na kichwa cha ombi, ama utakataliwa.

Na tafadhali msiandike "waondolewe". Wakiondolewa leo, kesho watalala Pangani, na daraja lenu litabaki giza vilevile. Wanaolala pale ndio wa kwanza kuporwa na kupigwa usiku, na mara nyingi ndio wanaomjua mwizi. Ombeni taa ziwake kabla ya tarehe mtakayoitaja, choo na maji, vitanda kwa idadi, na afisa wa ustawi wa jamii mwenye siku maalumu za kufika.

Angalieni kalenda pia. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni yenu ya maandishi yawe yamefika kabla ya Septemba. Wanaongoja vikao vya Mei hukuta fedha zimeshagawanywa.

SWALI: Askari wa kaunti wanaweza kuwapakia watu wa mitaani kwenye lori na kuwapeleka mbali? – Msomaji, Eastleigh

JIBU: Hapana. Kuwahamisha watu wanaoishi kwenye ardhi ya umma kunahitaji notisi ya miezi mitatu, maafisa wanaojitambulisha na kuonyesha idhini, na ulinzi maalumu kwa watoto, wazee na wenye ulemavu. Hayo yamo katika Sheria ya Ardhi, vifungu vya 152. Februari 2019 watoto waliotolewa mitaani Nakuru walibwagwa karibu na msitu wa Chemususu, Kaunti ya Baringo. Mkiona lori, andikeni namba ya usajili, saa na idadi ya watu, kisha siku hiyohiyo dai kwa maandishi orodha ya waliochukuliwa na kituo walikopelekwa. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48, si siku 21. Litajeni hilo kwenye mstari wa kwanza. Polisi wakihusika, lalamikeni IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

SWALI: Nikimkuta mtoto peke yake usiku nimpigie nani? – Mama, Kariokor

JIBU: Piga 116, bure, saa yoyote. Taja mahali hasa, umri unaokadiria na kama ameumia. Kaa naye penye mwanga hadi wafike. Usimchukue kwako bila kuripoti.