Kabla hujaigusa kabureta, fuata mafuta kuanzia kwenye tanki

Lori la kabureta likianza kukohoa, lawama ya kwanza huiangukia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini. Inafunguliwa, inaoshwa, inabadilishwa jeti (vile vitundu vya kupimia petroli), inarudishwa, na wiki haijaisha lori linakohoa vilevile. Nimeshughulika na malori haya ya zamani muda wa kutosha kusema kwamba kabureta nyingi zinazofunguliwa hazina kosa lolote. Kosa liko nyuma yake, kwenye paipu, pampu na filta. Halafu kuna wale wanaokimbilia kununua rigyuleta ya presha kama dawa ya kila kitu. Rigyuleta hupunguza presha, haiongezi. Kama mafuta hayafiki, utakuwa umeongeza kizuizi kingine njiani.

Tuanze na presha yenyewe. Kabureta haitaki nyingi. Zile kubwa za injini za V8, zenye silinda nane, hufanya kazi vizuri kati ya psi 4 na 7 (psi ni kipimo cha presha), yaani kama bar 0.3 hadi 0.5. Kabureta ya chapa ya Edelbrock usiipitishe 6.5. Za chapa ya Weber nyingi hutosheka na psi 3 hivi, na ndizo zinazofurika haraka zikifungiwa pampu yoyote iliyopatikana. Ndani ya bakuli la kabureta kuna floti, na floti inasukuma sindano ndogo kwenye kiti chake. Bakuli likijaa, sindano inaziba. Presha ikiishinda nguvu ya floti, sindano inanyanyuliwa, petroli inaendelea kuingia na kumwagikia kwenye manifoldi, ile njia ya kuingilia silinda.

Dalili zake mnazijua: moshi mweusi, plagi zilizojaa masizi, harufu ya petroli. Iko moja ambayo wengi huipita, nayo ni oili kuonekana imeongezeka. Chomoa kijiti cha kupimia, unuse. Oili ikinuka petroli, usiendeshe hata kidogo, maana beringi zinazunguka kwenye oili iliyooshwa. Pampu ya kusukumwa na injini nayo huleta hali hiyohiyo diaframu yake ikipasuka, hivyo kagua pande zote mbili kabla hujahukumu.

Ukiwa umeifungua kabureta tayari, itoe ile sindano uitazame kwenye mwanga. Zenye ncha ya mpira huwa na alama nyembamba ya duara pale zinapokutana na kiti. Pitisha kucha. Ikinasa kwenye alama hiyo, weka sindano na kiti vipya, kwa sababu hapo hata presha sahihi itavuja.

Sasa jambo linalochanganya watu wengi: presha ni kitu kimoja, na wingi wa mafuta ni kingine. Geji inaweza kusoma psi 6 lori likiwa limesimama linanguruma tu, kisha ukipanda kilima na mzigo injini inafifia. Injini ya nguvu za farasi 200 ikifanyishwa kazi kwa nguvu zake zote hunywa takriban lita 60 kwa saa, yaani nusu lita kila sekunde 30. Hicho ndicho kipimo ninachotumia. Injini ikiwa baridi, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa yenye alama za ujazo, zima uwashaji wa plagi, kisha endesha pampu kwa nusu dakika. Kama ni pampu ya umeme, iwashe peke yake. Kama ni ya injini, mtu akuwashie injini iendeshwe na mafuta yaliyobaki kwenye bakuli, na hapo uwashaji hauzimwi, kwa hiyo shika mpira vizuri na chupa ikae mbali na waya za plagi. Kizima moto kiwe karibu. Kisicho mbele ya macho yako hakihesabiki.

Ikitoka chini ya nusu lita, usiilaumu pampu bado. Fungua mfuniko wa tanki urudie kipimo. Kama mafuta yameongezeka, tundu la kupumulia limeziba na tanki lilikuwa linajivuta lenyewe. Nimeona lori lililobadilishwa pampu mara kadhaa kwa ugonjwa huu. Baada ya hapo angalia kichujio kilichomo ndani ya tanki, filta, na mpira wa upande wa kuvuta, yaani ulio kati ya tanki na pampu. Mpira huu wa mwisho ni msaliti. Kwa nje unaonekana mzima, lakini upasue kwa wembe uone: ukuta wa ndani umevimba na kuchanika ngozi, na ngozi hiyo hujifunga kama kifuniko pampu inapovuta. Ukiwa na nyufa ndogo hauvuji petroli, unavuta hewa. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kwa muda wa kupima tu, na mapovu yatakuonyesha.

Kwa mpira mpya soma maandishi ya ubavuni. Wenye alama ya kiwango SAE 30R7 unatosha kwa presha ya kabureta, lakini mimi huweka 30R9 kwa sababu unavumilia zaidi petroli iliyochanganywa ethanoli. Wala usitumie mpira wa maji au wa hewa, hata kwa kufika nyumbani. Paipu ndefu kando ya fremu iwe ya chuma au ya aloi ya shaba na nikeli. Shaba tupu ni laini mkononi na inakunjika vizuri, ndiyo maana watu huipenda, lakini mtikisiko huifanya ngumu mpaka inapasuka. Kipenyo cha milimita 8 kinatosha injini nyingi za kawaida. Injini kubwa ya kubeba mzigo ipe 9.5, ile ya inchi 3/8. Ncha inayoingia kwenye mpira iwe na tuta dogo la kuzuia mpira usichomoke, na kibano kikae nyuma ya tuta hilo. Vibano vya ukanda wenye matundu huukata mpira. Chagua vile vyenye ukanda laini kwa ndani.

Njia ya paipu nayo ina maneno yake. Ipitishe upande wa ndani wa fremu, mbali na ekzosi, na ufunge kishikizo kila baada ya sentimita 40 hivi ili isicheze. Pale inapotoka kwenye fremu kwenda kwenye injini, acha mpira wenye nafasi ya kujipinda, kwa kuwa injini hutikisika kwenye vikalio vyake na fremu haitikisiki nayo. Filta ya kioo juu ya injini ya moto inapendeza, na mimi huing'oa kila ninapoikuta. Kioo kikipasuka, petroli inamwagikia ekzosi. Kwenye nyuzi za viungo usizungushe tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Kijiuzi chake kikikatika, mwisho wa safari yake ni kwenye kile kiti cha sindano.

Pampu ya umeme ifungwe karibu na tanki, chini kadiri iwezekanavyo. Pampu hizi husukuma vizuri na kuvuta vibaya. Zaidi ya hapo, petroli inayovutwa huchemka mapema kuliko inayosukumwa, na ukiongeza joto la chini ya gari unapata mvuke kwenye paipu, na mvuke pampu haiuwezi. Kumbuka pia kwamba kupandisha petroli mita moja hula karibu psi 1, basi pima presha pale kwenye kabureta na si kule kwenye pampu. Umeme wake upite kwenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi, kwa waya mnene, pamoja na swichi ya presha ya oili inayokata pampu injini ikizima. Bila swichi hiyo, ajali ikitokea pampu inaendelea kumwaga petroli huku dereva amebanwa ndani. Hapa sina mjadala na mtu.

Ndipo tufike kwenye rigyuleta. Kama una pampu ya injini ya kiwandani na geji inasoma 5 au 6 kwenye kabureta inayokubali presha hiyo, huihitaji. Ukiihitaji, ziko za aina mbili. Ile ya kawaida ina mlango wa kuingia na wa kutoka, na inazuia mafuta yakifika presha uliyoweka. Ni rahisi kufunga na inafaa pampu ndogo. Ubaya wake unaonekana injini ikizimwa ikiwa moto: mafuta yaliyofungiwa kati yake na kabureta yanatanuka, presha inapanda, sindano inaachia, na ukirudi baada ya nusu saa injini imefurika na haitaki kuwaka.

Aina ya pili ina paipu ya kurudisha ziada kwenye tanki. Mafuta yanazunguka muda wote, yanabaki baridi, na mvuke unapata pa kutokea. Kwa lori la mzigo kwenye joto, mimi huchagua hii bila kufikiri mara mbili. Sharti lake ni paipu pana ya kurudi. Ikiwa nyembamba, presha haitashuka hata ulegeze skrubu yote. Na kama mtu alikufungia pampu ya gari la sindano za umeme, lile lisilo na kabureta ambalo petroli hunyunyiziwa kwenye injini, ile ya psi 40 hadi 60, rigyuleta ya kawaida ya kabureta haitaihimili. Ing'oe pampu hiyo uweke ya kabureta, ni nafuu kwa akili yako.

Kuseti: funga geji ya psi 0 hadi 15 kati ya rigyuleta na kabureta. Geji ya psi 100 haitakuonyesha tofauti ya 5 na 7. Washa injini, legeza nati ya kufungia, anza chini, kama 4, kisha ongeza robo mzunguko kwa kila hatua huku ukisubiri mshale wa geji utulie. Halafu nenda barabarani na mzigo, mtu wa pembeni akiisoma geji iliyofungwa kwa muda mahali panapoonekana kupitia kioo, nje ya chumba cha dereva, kamwe si ndani. Ikibaki juu ya psi 3 kilimani kwa kabureta ya V8, acha hapo. Geji zenye majimaji ndani husoma chini zikipata joto, kwa hiyo usiongeze presha kwa sababu tu ya geji iliyokaa juu ya injini tangu asubuhi. Iache ipoe, soma tena.

Ukishamaliza presha ndipo urekebishe kimo cha floti, kwa sababu presha ikibadilika kimo hicho nacho husogea. Baada ya siku kadhaa za kazi rudi na bisibisi kwenye vibano vyote: mpira mpya hukaa na kulegea kidogo, na kibano kilichokuwa kimebana kitakubali robo mzunguko zaidi.