Mwanangu, silalamiki ili usiniombe hela

Leicester, Uingereza

Mwanangu mpenzi,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, nikacheka kwanza, halafu nikanuna. Unauliza: haya ya treni, serikali na bei ninayolalamikia kila nikipiga simu ni ya kweli, au nawawahi tu msiniombe hela na msitamani kuja huku? Nimeamua kukuandikia, maana kwenye simu unaitikia "sawa Mama" huku macho yako kwenye mpira.

Ni ya kweli. Ya kuwahi kuombwa hela nayo yamo, kidogo.

Kwenye treni ni wewe uliyenichokoza, na ile video yako ya SGR, Dar hadi Dodoma, treni ya umeme, chai imetulia kwenye kikombe. (Najua nayo ina siku zake, usinitetee.) Mimi niko kwenye nchi iliyowafundisha wengine reli, na hapa stesheni ya Leicester treni ya London inaondoka kwa dizeli. Nyaya za umeme zilivutwa kutoka kusini zikafika Wigston, hapo jirani kabisa, zikaishia hapo. Julai 2025 serikali ikatangaza kwamba kazi ya kuzipeleka mbele hadi Nottingham na Sheffield imesimamishwa.

Ningevumilia hata dizeli, ila ukikasirika hujui umkasirikie nani. Mwaka 1993 walitunga sheria ya kulibinafsisha shirika la reli, wakaligawa vipande. Njia ya reli ikawa ya kampuni moja, treni zikaendeshwa na nyingine, mabehewa yenyewe yakawa ya kukodi kwa wenye mitaji. Oktoba 2000 reli ikavunjika chini ya treni pale Hatfield, watu wanne wakafa, na kampuni iliyokuwa na njia haikumaliza miaka miwili ikaanguka. Njia ikarudi kwenye mikono ya umma, treni zikabaki kwa wafanyabiashara. Sasa na hizo zinarudishwa, moja moja, kadiri mikataba inavyokwisha. Ya kwanza chini ya sheria mpya ilikuwa ile ya kusini magharibi, Mei 2025. Wamezunguka miaka thelathini, na nauli ya mzunguko tumelipa sisi.

Tiketi ndiyo kichekesho. Kuna safari ambazo ukikata tiketi mbili, ya kwanza mpaka stesheni ya katikati na ya pili kutoka hapo mpaka mwisho, unalipa pungufu kuliko ukikata moja, na wala hunyanyuki kwenye kiti. Si wizi, ni halali kabisa. Watu wazima wanakaa usiku na simu wakitafuta mahali pa kuikata safari yao vipande. Na ule mradi wa treni ya kasi, HS2, uliotakiwa utoke London upite Birmingham ufike Manchester? Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak alikwenda Manchester kwenye mkutano wa chama chake, akatangaza hukohuko kwamba reli haitafika Manchester. Ukumbi aliosimama zamani ulikuwa stesheni ya treni. Ningekusimulia mimi tu ungesema natia chumvi.

Mabasi sitasema sana. London jiji ndilo linalopanga njia na nauli. Sisi wa mikoani, sehemu nyingi, tangu 1986, kampuni huamua yenyewe ipite wapi na iache lini. Ya kwetu imepunguza basi za usiku, kwa hiyo nikitoka zamu kwenye nyumba ya wazee nasimama kituoni na baridi yangu, mara nyingi na mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Aliingia hapa 1972, Idi Amin alipowafukuza, mwaka ambao halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Wakaja, na leo huwezi kuutaja mji huu bila wao. Basi likichelewa analitukana kwa Kiswahili, nami namsaidia.

Siasa sasa. Ulisema, "Mama, siasa za Wazungu zinakuhusu nini?" Zinanihusu kwa sababu napiga kura. Mtanzania ni raia wa Jumuiya ya Madola, na mwenye kibali cha kuishi hapa anaruhusiwa kupiga kura hata ya Bunge, kwa pasi yetu hii hii. Kwenye uchaguzi wa nyumbani sisi tulio nje hatupigi. Kura ya maoni ya kutoka Umoja wa Ulaya, Juni 2016, mimi wa Tanga nilipiga, na jirani yangu Mpolandi mwenye watoto waliozaliwa hapa hakuruhusiwa, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anajadiliwa. Tangu siku ya kura ile mpaka baada ya uchaguzi wa Julai 2024 nimeongozwa na mawaziri wakuu sita. Mwaka huo wa 2024 chama cha Labour kilipata theluthi ya kura tu, kikachukua viti 411 kati ya 650. Halafu wanashangaa watu wana hasira.

Katika hao sita, Liz Truss alikaa siku 49, lakini alifika mpaka mfukoni mwako. Septemba 2022 waziri wake wa fedha alitangaza kupunguza kodi bila kueleza pengo litazibwa na nini. Pauni ikaporomoka, riba ya mikopo ya nyumba ikapaa. Unakumbuka ada ya mdogo wako niliyotuma wiki ile, ukaniuliza mbona shilingi zimepungua? Pauni zilikuwa zile zile. Na mwenye nyumba wangu akanipandishia kodi, akisema benki imempandishia yeye.

Mshahara umepanda kweli. Kima cha chini kwa saa kilikuwa pauni 8.91 mwaka 2021, kikafika 12.21 mwaka 2025. Lakini kiasi ambacho mtu halipii kodi ya mapato kimegandishwa kwenye pauni 12,570 kwa mwaka tangu hapo 2021. Kwa hiyo kila nyongeza inayoingia, serikali imeshaisubiri mlangoni, na waziri anasimama bungeni akisema hajapandisha kiwango cha kodi. Hajadanganya, hapo ndipo ninapochoka.

Mbona sirudi, basi? Nilipougua, hospitali ilinitibu bila mtu kuniuliza nina shilingi ngapi, hilo sitalisahau. Na pensheni yangu bado naijenga. Nikistaafu nikabaki hapa, inapanda kila mwaka. Nikirudi Tanga, wataniletea, lakini itaganda palepale ilipo mpaka nife, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazoongezewa. Makato ni yale yale, mwanangu. Nimeshamwandikia mbunge wa hapa juu ya hilo, akanijibu kwa heshima ukurasa mzima usio na kitu.

Na huyo wakala anayekuambia umlipe milioni kadhaa akupatie kazi ya kulea wazee huku: usimpe hata mia. Tangu Machi 2024 anayekuja kwa kazi hiyo haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje umefungwa kabisa. Kama amekuonyesha karatasi yenye jina la kampuni ya huku, ipige picha uniletee leo hii kabla hujaonana naye tena, na mwambie rafiki yako aliyekwishatoa kianzio akadai hela yake akiwa na shahidi.

Mama yako